Ufunguo wa Tatu

"Funguo zako zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Nakuuliza tena. Ngapi?"

"Mbili, Fundi wangu. Mmoja niliufua pamoja na suruali, wa pili umebaki huko tulikopeleka wanafunzi matembezi. Mmoja na mmoja ni mbili. Mimi ni mwalimu wa hesabu, hapo huniwezi."

Fundi hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva cha gari la spoti, jekundu, milango miwili, gari lililopita mikono ya watu watatu kabla ya kufika kwa Mwalimu na bado linajiona msichana. Mapajani alikuwa na mashine yake ya kusoma funguo, waya umechomekwa chini ya usukani. Na mashine, ambayo haina mchumba wala haya, ilikuwa imeandika kwa herufi kubwa: FUNGUO ZILIZOSAJILIWA: 3.

Akamgeuzia kioo cha mashine.

"Soma."

Mwalimu akasoma. Akasoma tena, kama mtu anayetafuta kosa kwenye swali alilolitunga mwenyewe.

"Labda yule aliyeniuzia alibaki na mmoja," akasema.

"Siku umelinunua, nani alilisoma?"

"Wewe."

"Nikakuta ngapi?"

"Mbili."

"Basi huu wa tatu umezaliwa juzijuzi, na mimi sikuwepo leba. Ni wa nani?"

Mwalimu akatazama paa la gari. Akatazama viatu vyake. Kwenye uwanja wa nyumba za kupanga alikoishi, nguo zilikuwa zinapigwa na upepo kwenye kamba.

"Siwezi kusema."

Sasa msomaji wangu, tuelewane. Angesema "hakuna mtu," angekuwa mwongo wa kawaida, wapo wengi na tunaishi nao. Lakini "siwezi kusema" ni jibu la mtu mwenye kitu cha kusema. Na huyu si mteja wa barabarani. Huyu ni mchumba, na Jumamosi hiyohiyo watu wake walikuwa waende nyumbani kwa kina Fundi kuleta posa.

"Huwezi kwa nini?"

"Niliapa."

"Kwa nani?"

"Nikikwambia kwa nani, nitakuwa nimeshasema."

"Ni mwanamke?"

"Fundi, nipe mpaka Alhamisi."

"Leo Jumanne. Alhamisi kuna nini?"

Mwalimu akarudi kutazama viatu vyake.

Fundi akatoa rimoti mbili mpya kwenye boksi, akaziweka juu ya dashibodi.

"Nakueleza kazi inavyokwenda, usije ukasema sikukwambia. Nikisajili hizi mbili, kompyuta ya gari inafuta kila ufunguo ambao haupo hapa. Huyo mtu wako atakuja, atabonyeza mpaka kidole kiote sugu, gari litamtazama tu kama mgeni."

"Hakuna namna ya kuubakiza huo wa tatu?"

"Ipo. Uletwe hapa sasa hivi, tusajili zote kwa pamoja."

"Sasa hivi haiwezekani."

"Basi ufe."

Akabonyeza. Gari likapepesa taa mara mbili, na ufunguo wa tatu, popote ulipokuwa, mfukoni mwa mtu au ndani ya mkoba wa mtu, ukawa kipande cha plastiki.

Fundi akamrushia Mwalimu rimoti zote mbili, akakunja waya wake, akaondoka bila kuaga.

Kibanda chake kilipakana na saluni, na mwenye saluni, Msusi, alikuwa hodari wa kusuka nywele na maneno kwa mpigo mmoja.

"Kaapa?" Msusi aliuliza kesho yake. "Mwanaume hamwapii mwanaume mwenzake, Fundi. Wenyewe kwa wenyewe huwa wanaitikia kwa kichwa tu."

"Hajasema ni mwanamke."

"Kasema si mwanamke?"

"Hapana."

"Haya. Endelea kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Fundi akachukua simu. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akatuma: *Jumamosi usilete watu.*

Jibu lilichelewa dakika kumi na mbili. Alizihesabu.

*Sawa. Ila naomba usubiri mpaka kesho Alhamisi.*

Sawa? Sawa ya nini? Mwanaume mwenye kosa huomba msamaha. Asiye na kosa hupiga kelele. Huyu kaachwa kwa maandishi, kaitikia "sawa" kama mtu aliyeambiwa maji yatakatika. Fundi aliusoma ujumbe huo mpaka maneno yakaacha kuwa na maana.

Jioni akiwa mezani na baba yake, Mzee akamtazama anavyochokoa chakula.

"Mbona huli?"

"Jumamosi hakuna mgeni, baba. Nimemkataza."

Mzee akaweka kijiko chini. "Kisa?"

"Ana mtu."

"Nani kasema?"

"Gari lake limesema."

Mzee akakohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa na mafua, kilikuwa kikohozi cha kutafuta muda.

"Limesemaje?"

"Baba, niache tu."

"Mwanangu, vuta subira. Ngoja mpaka kesho."

Fundi akainua uso. "Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Watu wote mna nini na Alhamisi?"

"Kulala na hasira si vizuri, ndiyo nilichosema," Mzee akajibu, akabeba sahani yake ambayo haikuwa imeisha.

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ya kazi ikaita. Namba ngeni.

"Haloo, nimempata mtengeneza funguo?" Sauti ya mwanamke, tena sauti nzuri, ya mtu asiye na haraka.

"Umempata, dada."

"Tumekwama, mwanangu. Gari linagoma kufunguka. Ufunguo ulikuwa mzima wiki iliyopita, leo umekufa tu. Namba yako nimeisoma kwenye kibandiko hapa kwenye kioo cha nyuma."

Fundi hubandika namba yake kwenye kila gari analolishika. Lakini aliuliza upesi.

"Gari gani?"

"Jekundu. La milango miwili. Kuingia mpaka uiname kama unasalimia wakwe."

"Ni lako?"

Mwanamke akacheka kidogo. "Ni la kuazima. Huwa ananitembeza nalo mtu wangu, kila Alhamisi."

Kila Alhamisi. Fundi akauvuta mkoba wake wa vifaa.

"Huyo mtu wako yupo hapo?"

"Yupo, kaingiza kichwa chini ya gari anatafuta sijui nini. Ndiyo maana nimeona nikupigie, maana wanaume kukubali wameshindwa ni shughuli."

"Msiondoke," Fundi akasema. "Nakuja."

Msusi alimwona anafunga kibanda. "Nikusindikize?"

"Baki. Nikihitaji shahidi nitakupigia."

Njia nzima alikuwa anajipangia maneno. La kwanza lingekuwa "kumbe." La pili lilikuwa halijapatikana. Na kitu kimoja kilikuwa kinamchanganya kuliko vyote: saa nne asubuhi ya Alhamisi, Mwalimu huwa darasani. Sasa aliye chini ya gari ni nani?

Alipoingia uwanjani kwa Mwalimu alimkuta mwanamke wa miaka kama sitini, kavaa gauni la maua na miwani ya jua iliyopandishwa kichwani, kaketi kwenye kibaraza kama vile gari limekwama kwa ruhusa yake. Pembeni ya gari ilitokeza miguu miwili, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate.

Viatu Fundi alivijua. Alikuwa anavipita mlangoni kila siku ya Mungu.

"Baba."

Miguu ikatulia.

"Baba, toka huko."

"Nani?" ikauliza sauti kutoka chini ya gari.

"Aliyeitwa kutengeneza ufunguo."

Mzee akatoka taratibu, shati jipya, mgongo wote vumbi. Akasimama mbele ya binti yake mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa. Mwanamke wa gauni akawatazama kwa zamu.

"Huyu ndiye binti?" akauliza. "Bibi harusi wa mpwa wangu?"

"Mpwa wako?" Fundi akashika paa la gari. "Wewe ni shangazi yake Mwalimu?"

"Ndimi. Mkunga mstaafu. Nimezalisha watu wasiohesabika, lakini sijawahi kukwama mlangoni kama leo. Jumamosi ndiyo nilikuwa nije kwenu kama msemaji, na nimeshona nguo kabisa. Umeniwahi nikiwa na ndala."

Fundi alikuwa hasikii vizuri. Kichwa kilikuwa kinajaribu kupanga watu kwenye viti vyao, na kila mmoja anakaa penye kiti cha mwenzake.

"Ngoja. Ufunguo wa tatu ni wako, baba?"

"Ni wangu."

"Na nani aliyekutengenezea?"

Mzee, pamoja na aibu yote, akanyanyua kidevu. "Unaniuliza mimi? Wewe kazi hii alikufundisha nani?"

Kweli. Mashine ya zamani ilikuwa uvunguni mwa kitanda cha Mzee, na yeye alisema ameistaafisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwaka juzi jirani alipoleta habari za mimi kuoa, ulisemaje?"

Fundi akajifanya anakagua tairi.

"Ulisema mwanamke akikanyaga jiko la mama yako, wewe unahama siku hiyohiyo. Tena ukavunja kikombe."

"Kikombe kiliteleza."

"Kiliteleza mpaka ukutani?"

Shangazi akaangalia pembeni, mabega yanatikisika.

"Nilimwapisha Mwalimu," Mzee akaendelea, sauti imeshuka. "Nilikuja kumwangalizia breki, nikamkuta huyu mama kaja kumtembelea. Tukazungumza. Wiki iliyofuata tukazungumza tena. Nikamwambia kijana, neno hili lisimfikie binti yangu mpaka mimi mwenyewe niliseme. Jana ulivyoniambia umemkataza, nilimpigia. Nikamwambia bora aseme. Akakataa. Akasema, Mzee, ni lako, utalisema wewe. Na mimi nikamkumbusha ahadi yangu, Alhamisi hii nikishamuuliza huyu mama jambo, nitarudi nimwambie mwanangu. Kwamba umeufuta ufunguo, hakukumbuka kunitajia."

"Jambo gani?" Shangazi akauliza.

Mzee akafuta vumbi ambalo halikuwepo mkononi.

"Jambo gani, wewe baba?" Shangazi akarudia.

"Nilitaka twende kwanza mahali penye kivuli."

"Gari ndilo hilo, haliendi," Fundi akasema. Alishangaa kusikia sauti yake haina ukali. "Muulize hapahapa."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu."

Basi Mzee akauliza. Hakupiga goti, maana goti hilo likishuka kupanda kwake ni kazi, lakini aliuliza kwa maneno mafupi na macho hayakukimbia. Fundi alikuwa hajawahi kumwona baba yake akimwogopa mtu. Alikuwa anaogopa sasa, na alikuwa anamwogopa yeye, binti yake, kuliko jibu la yule mama.

Shangazi akaishusha miwani kutoka kichwani. Akamgeukia Fundi.

"Mwanangu, mimi sitaki jiko la mama yako. Nina jiko langu, na kwenye jiko langu nina sheria zangu. Nikitakacho ni Alhamisi, na siku nyingine zikipatikana. Lakini siingii nyumba ambayo mtoto anatoka kwa sababu yangu. Nimefanya kazi ya kuleta watoto nyumbani, siwezi kuzeeka kwa kuwafukuza. Kwa hiyo jibu langu unalo wewe."

Fundi akatazama shati jipya la baba yake. Miaka minne, tangu mama afariki, Mzee alikuwa hanunui shati. Aliponunuliwa alikuwa anasema lile la zamani bado zima.

"Nani kakuchagulia hili shati?" akauliza.

"Yeye."

"Limekupendeza."

Na hilo wote wawili walilipokea kama jibu. Shangazi akamsogezea nafasi kwenye kibaraza. Fundi akakaa, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Darasani," Mwalimu akanong'ona. "Kidato cha pili, wana mtihani."

"Toka nje."

Mlango ukasikika, kisha upepo.

"Nimewakuta," Fundi akasema.

Ikasikika pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Mwalimu, nikuulize. Nilikuandikia usilete watu, ukajibu sawa. Ulikuwa unaniacha niende?"

"Hapana. Jumamosi ningekuja peke yangu, nikae getini kwenu mpaka mnifukuze au mnipe kiti."

"Si ungesema tu?"

"Ni baba yako, Fundi. Nikimuuza yeye leo ili nikupate wewe, kesho utaniamini na siri yako ipi?"

Fundi akafikiria hilo. Alitaka kukasirika, hasira ikawa haioni pa kukaa. Alitaka kulia, akajikuta anatabasamu kwenye simu.

"Nimekosea," akasema. "Lakini na nyie mmenichanganya sana. Sijui hata sasa hivi nimemkasirikia nani."

"Mimi nipo, anza na mimi."

"Nitaanza na wewe. Kwa ajili hiyo, Jumamosi uje. Na watu wako wote."

"Fundi."

"Naam."

"Mzee akimwoa shangazi, wewe utakuwa nani kwangu?"

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Rudi darasani, watoto wanaangaliziana."

Jumamosi watu wakaja. Fundi alikuwa chumba cha pili na Msusi, ambaye sasa alikuwa anaapa kuwa yeye tangu mwanzo alimwamini Mwalimu. Sebuleni Mzee alikaa upande wa wenyeji, uso wa mtu mkali, jasho kwenye paji. Mbele yake, kichwani mwa msafara wa kina Mwalimu, alikaa Shangazi, safari hii na viatu.

Salamu zikapita. Maji yakapita. Shangazi akasimama, akaweka mkoba wake mezani.

"Wenyeji wetu, sisi hatuna maneno mengi. Tumemwona binti yenu, tumempenda, tumekuja kumwomba."

Watu wakaitikia kwa vichwa.

"Na mkitunyima," Shangazi akaongeza, bila kumtazama Mzee, "hatutagombana. Tutaondoka na baba yake."