Kabula na Baridi ya Oktoba

Ko. Mfuniko uligonga sufuria jikoni. Nje kulikuwa bado giza. Mwanne alifumbua macho, akasikiliza.

"Ameanza," alijisemea.

Mwanne alikuwa mama mkwe wa Kabula. Waliishi Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, pamoja na Masolwa, mume wa Kabula, na Maua, mtoto wao wa miaka miwili. Masolwa alikuwa mfuga nyuki. Ndoo zake za asali zilikaa jikoni. Na asali ndiyo inayopikiwa wanzuki, pombe tamu inayolewesha haraka.

Kwa miezi kadhaa uso wa Kabula ulikuwa ukivimba. Asubuhi macho yake yalifunguka kwa shida. Sauti ilikuwa nzito. Aliongea polepole, na mchana alisinzia na ungo wa mchele mapajani. Vijana wa kijiweni walianza kumtania Masolwa.

"Bwana asali, mzigo wako unaisha kabla haujafika sokoni?"

Masolwa alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Alianza kunusa vikombe. Mwisho alimpigia simu Shigela, kaka yake Kabula, huko Nzega. Aje Jumamosi amchukue dada yake. Mtoto angebaki.

Alfajiri hii ilikuwa ya Alhamisi. Mwanne aliamka taratibu. Alitaka kumfumania mkwewe na kikombe mkononi. Alisukuma mlango wa jikoni.

Kabula alikuwa amejikunyata karibu na jiko la mkaa. Alijifunga khanga mbili na juu yake koti la Masolwa. Viganja vyake vilikuwa juu ya mvuke wa sufuria. Hakukuwa na harufu ya pombe.

"Samahani, mama. Nimekuamsha."

"Unafanya nini hapa?"

"Naota moto. Nasikia baridi."

"Baridi gani, Oktoba hii? Mimi nimelala bila shuka na bado nimeloa jasho."

"Sijui, mama. Iko ndani ya mifupa."

Mwanne alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama mtungi, na ngozi imekauka. Alitazama sufuria.

"Na hayo maji ni ya nani?"

"Yako ya kuoga, mama. Kila siku nakuchemshia."

Ni kweli. Kila asubuhi Mwanne aliyakuta maji ya moto bafuni. Hakuwahi kuuliza nani aliamka kuyachemsha.

"Kabula, unakunywa pombe?"

"Sinywi. Wote mnaniuliza kwa macho. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kwa mdomo."

Kulipokucha, Mwanne alikwenda kwa jirani yao Apolinaria, mhudumu wa afya wa mtaa. Apolinaria aliacha kufagia, akaja hapo hapo.

"Shikamoo, bibi. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba. Huyu hapa. Mwangalie uso."

Apolinaria aliketi karibu na Kabula. Aliubonyeza mguu wake kwa kidole gumba.

"Mkojo unatoka vizuri? Hauna povu wala damu?"

"Unatoka vizuri."

"Una mimba?"

"Sina."

"Nauliza kwa sababu mjamzito akivimba uso na kuumwa kichwa, hatusubiri hata saa moja. Na vidonge vya kunenepa je? Krimu ya kung'arisha ngozi? Dawa za dukani za kutuliza maumivu ya viungo?"

"Situmii."

"Vizuri. Nyingine kati ya hizo huujaza uso. Lakini mtu akiwa anazitumia asiziache ghafla, inaweza kumdhuru. Aende kwanza kwa daktari. Choo unapata?"

Kabula aliona aibu. "Kwa shida sana."

"Inua kidevu. Meza mate."

Mbele ya shingo palikuwa pametuna kidogo.

"Bibi, hapa kuna tezi," Apolinaria alisema. "Inatengeneza homoni. Homoni hiyo ni kama mtu anayechochea moto jikoni. Ikipungua, moto wa mwili unafifia. Mtu anasikia baridi, anachoka, sauti inakuwa nzito, uso unavimba. Ukimtazama haraka utasema amelewa."

Mwanne aliinamisha uso.

"Sijasema ndiyo ugonjwa wake. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema. Mnakula nini hapa?"

"Ugali wa muhogo na mboga za majani," Mwanne alijibu. "Chumvi ninanunua ile ya mawe, inayopimwa kwa kopo. Ina mchanga, kwa hiyo naiosha vizuri."

"Hapo sasa. Tezi inahitaji madini joto. Chumvi ya kupima huenda haina, na hata ikiwa nayo, ukiiosha yanakwenda na maji. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ifunike, isikae juani. Ila usizidishe. Chumvi nyingi nayo inavimbisha mwili na kupandisha presha. Mkipata dagaa, mayai au maziwa, mpeni."

Siku hiyo hiyo Apolinaria aliwapeleka hospitali. Damu ilichukuliwa. Waliambiwa majibu ni Jumamosi. Mwanne hakumwambia Masolwa kitu; alitaka kwanza kuyashika majibu.

Jumamosi Mwanne na Kabula walitoka asubuhi. Walipokuwa bado njiani kurudi, Shigela alifika. Alikuwa na mfuko mmoja mkubwa, mtupu, wa kubebea nguo za dada yake. Aliketi uani na Masolwa. Hakuna aliyegusa chai.

"Shemeji, umemwona kwa macho yako akinywa?" Shigela aliuliza.

"Sijamwona. Uso wake unajieleza."

Mwanne aliingia akiwa amemshika Kabula mkono. Maua alimkimbilia mama yake akamng'ang'ania mguu.

"Kabla hujafungua huo mfuko, baba, nisikilize," Mwanne alimwambia Shigela. "Daktari amesema homoni ya tezi imepungua sana. Siyo pombe. Ni ugonjwa, na dawa yake tunayo. Atakunywa kidonge kila asubuhi kabla ya kula, na hataacha mpaka daktari aseme. Atapimwa tena."

Masolwa alimtazama Kabula usoni.

"Nilikuwa nanusa kikombe chako," alimwambia mkewe.

"Najua. Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ungenusa na maneno yangu pia."

Masolwa aliinuka, akaukunja ule mfuko mtupu, akamrudishia shemeji yake kwa mikono miwili.

Dawa haikufanya kazi kwa siku moja. Mwanzoni Kabula alikata tamaa, na Apolinaria alikuja mara kwa mara kumtia moyo. Wiki zilipita. Kwanza baridi iliondoka. Kisha uso ukapungua, na sauti yake ikarudi. Maji ya kuoga sasa yalichemshwa na Masolwa. Masolwa akienda msituni kwenye mizinga yake, Mwanne alijichemshia mwenyewe, na ya Kabula pia. Chumvi ya pakiti ilikaa kwenye chombo chenye mfuniko.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Shigela alikuja tena kuwajulia hali. Alimtazama dada yake usoni, akacheka peke yake. Alipoaga, mfuko wake ulikuwa umejaa karanga, na juu yake chupa mbili za asali. Mwanne alimsindikiza mpaka barabarani.

"Uje tena, baba," alimwambia. "Na huo mfuko uje nao mtupu vilevile. Safari hii sitauogopa."