Bahasha ya Luteni Presley

Kiti kilikuwa kimelowa tena. Lavinia Threlkeld aligusa mto wake kwa kiganja, akatazama dari. Hapakuvuja popote, Virginia haikuwa imeona mvua tangu Agosti. Akanusa vidole. Jasho la farasi.

Akarudi mezani kwenye makaratasi ya kaka yake. Presley alikuwa luteni wa jeshi la Kusini, mpeleka amri za jenerali, na alikufa kwa homa akiwa na miaka ishirini na miwili. Sasa, miaka thelathini na mitano baadaye, mchapishaji mmoja wa Richmond alitaka shajara yake itoke kama kitabu. Lavinia alikuwa amenakili yote isipokuwa ukurasa mmoja, alioufungia kwenye droo: “Nilishuka nimnyweshe farasi maji. Nikasinzia. Nilipoamka, bunduki za kikosi cha Kanali Yancey zilikuwa zimenyamaza.” Ndani ya mkoba wa Presley, alimoikuta shajara, mlikuwa na bahasha ya amri. Lakiri yake, ile nta ya muhuri, haikuwa imevunjwa.

Kila siku saa tisa alasiri alimsikia kaka yake. Kwanza kile chuma cha kisigino cha mpanda farasi kikiburuzwa barazani, kisha mlango ukipitwa bila kufunguka, kisha kiti kikilia kwa uzito, na hapo usingizi ulitanda nyumba nzima, paka akaanguka alipokuwa amesimama, kalamu ikateleza mkononi mwa Lavinia, na kabla macho hayajafumba akasikia mwayo mrefu, karibu kabisa na shavu lake, usio wake.

Siku ya tano alimwita Dorcas, ajuzi aliyejua mizizi na kuongea na wasioonekana. Zamani Dorcas alikuwa mtumwa wa nyumba hii.

“Kumbe leo napita mlango wa mbele?” Dorcas aliuliza, akifuta miguu.

“Usinitanie, Dorcas. Yumo,” alinong’ona Lavinia.

“Najua. Miayo yake nimeisikia tangu getini.” Alinyunyiza chumvi kizingitini, akasikiliza, akatikisa kichwa. “Chumvi haimtoi huyu. Anasubiri. Hukumbuki wale wapeleka amri wa wakati wa vita? Hawakuondoka mpaka mpokeaji aandike jina na saa juu ya bahasha, awarudishie. Bila hiyo, mtu hajafika.”

“Yancey alikufa siku ileile.”

“Basi pokea wewe, Bi Lavinia. Ila saa iandike ya kweli.”

Lavinia alivunja lakiri, akasoma kwa sauti ndogo: “Kanali Yancey, ondoa watu wako wote upesi. Rudini hadi nyumba ya Threlkeld, mpumzike hapo.”

Watu mia tatu walikuwa wamekufa na Yancey, amri hii haijawafikia. Aliandika juu ya bahasha: L. Threlkeld, saa nane mchana, Mei 3, 1863. Akaiweka kitini.

“Unamfichia,” alisema Dorcas.

“Alikuwa mtoto! Hakuwa amelala siku tatu.”

“Najua alichoka. Mimi nilichapwa kwa kusinzia jikoni humu, nina miaka tisa. Yeye anatolewa kitabu.” Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayetua mzigo.

Mbele ya macho yao bahasha ililowa. Wino ukayeyuka, ukatiririka, karatasi ikabaki nyeupe. Kitini mtu alishusha pumzi.

 Lavinia akafungua droo, akautoa ule ukurasa, akauchomeka mahali pake kwenye nakala ya mchapishaji. Akachukua kalamu tena: L. Threlkeld, saa tisa na robo, Oktoba 6, 1898. Imechelewa.

Kiti kililia. Chuma kikaburuzwa barazani, kikashuka ngazi, kikapotea barabarani. Bahasha haikuwapo tena. Lavinia aligusa mto: mkavu. Akalia bila sauti.

“Ameondoka?”

“Ameondoka.” Dorcas alikuwa dirishani, akitazama barabara. “Amefikisha.”

Ndipo ikaja harufu ya sufu iliyolowa na baruti, na kutoka barabarani vishindo vya viatu, si vya mtu mmoja wala kumi, vinavyojikokota bila mpangilio, na geti likafunguka, likafunguka tena, na tena. Lavinia alitazama barua iliyobaki mkononi mwake: mpumzike hapo.

Barazani mbao zilianza kubonyea, moja baada ya nyingine, kama watu waliochoka sana wanavyokaa chini.