Shanga kwenye Mshono wa Kumi na Saba

Audi nyeusi ilitokea kwenye kioo cha nyuma saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Watu wawili ndani. Miwani myeusi, siku yenyewe ya mawingu. Washamba.

Ralitsa Boneva alikanyaga mafuta. Lada Niva yake, kigari cha mashamba na matope, ilikohoa, ikalalamika, ikatii. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na bahasha ya kaki aliyoichomoa muda si mrefu kutoka kwenye kasiki la chumba namba 308, hotelini, wakati mwenye chumba anakunywa kahawa chini. Bastola yake, Makarov, ilikuwa kiunoni, risasi nane.

Simu ililia.

"Mkate?" Kanali Valkov, mkuu wake katika idara ya usalama, hakuwa mtu wa salamu.

"Nimeutoa tanurini. Nina nzi wawili nyuma."

"Mkaguzi wa serikali anatia sahihi saa nne u nusu. Presha ya kinu inapandishwa saa tano kamili. Akishasaini, hatuna letu."

"Nimesikia, mkuu."

"Na Ralitsa, usiue mtu."

"Sijaahidi."

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha pembeni. Ya pili ilikwenda kusikojulikana. Ralitsa hakujibu. Alikata usukani kulia, akaiacha lami, akaingia shamba la alizeti lililovunwa na kulimwa wiki iliyopita, udongo mweusi ulionyeshewa siku tatu.

Audi ni gari zuri sana kwenye lami.

Ilimfuata mita sitini, ikazama mpaka milangoni. Ralitsa aliwaona wakishuka na viatu vyao vya ngozi, wakasimama wanaangaliana. Angekuwa na nafasi angecheka. Lakini tangu jana alikuwa na hasira, nayo haikumwachia kicheko.

Hasira yenyewe ilikuwa na jina. Lothar Kessel.

Kessel alikuwa meneja wa Tarvex, kampuni ya kigeni iliyopewa kazi ya kukagua mabomba ya kinu cha nyuklia cha Belogor, pale kando ya Danubi. Ndani ya mabomba yale hupita maji ya moto kupita kiasi, yaliyobanwa kwa presha ya kutisha. Kila mahali bomba lilipochomelewa kwa bomba kuna mshono, na kila mshono ni lazima upigwe picha ya eksirei kinu kinapozimwa, kuona kama umeota ufa. Oktoba hii Tarvex hawakupiga hata picha moja. Walichukua picha za Machi, wakabadilisha tarehe, wakaandika ripoti tamu.

Huo ungekuwa uvivu tu. Ila Valkov alikuwa amenasa simu za Kessel na wakubwa wake huko ng'ambo, wauza umeme. Walijua ufa upo. Walitaka bomba lipasuke, kinu kifungwe moja kwa moja, nchi nzima ije ipige magoti kuomba umeme wao. Watu watakaobabuka kwa mvuke hawakutajwa popote kwenye mazungumzo. Hawakusahauliwa, hawakuwahi kufikiriwa.

Lakini simu zilizonaswa kwa siri mkaguzi haruhusiwi kuzitumia. Anatakiwa kuona kasoro kwa macho yake, kwenye picha. Na picha ya Machi na ya Oktoba ni kama mapacha.

Kuna mtu mmoja tu angeweza kuwatofautisha.

* * *

Mzee Nayden Tsolov alikuwa uani kwake anachoma pilipili hoho za kutengeneza lyutenitsa, rojo ya kupaka mkate msimu wa baridi. Makapu matatu. Mikono myekundu mpaka viwikoni. Alikuwa amepiga picha mabomba ya Belogor miaka thelathini, mpaka wiki mbili zilizopita aliposema mshono wa kumi na saba una ufa. Alikuwa ameugundua kwa kile kipimo chake cha mawimbi ya sauti. Tarvex walimwita mzushi, wakamnyang'anya kitambulisho getini.

"Wewe ndiye wa Valkov?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Umechelewa. Na umekanyaga vitunguu vyangu."

"Samahani, mzee. Tazama hii, nimeitoa kwenye kasiki la Kessel."

Alijifuta mikono kwenye suruali, akaishika filamu pembeni kwa vidole viwili, akaielekeza angani. Alitazama muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetukanwa.

"Hii nimeipiga mimi."

"Tarehe inasema kumi na moja Oktoba."

"Tarehe iseme itakavyo. Binti, hawa wajinga hawajui hata walichoiba. Unaona hiki kitone cheupe kando ya mshono?"

"Nakiona."

"Martenitsa yangu."

Ralitsa aliganda. Tangu anajua kutembea, kila tarehe mosi Machi mama yake alimfunga mkononi martenitsa, uzi mweupe na mwekundu kwa ajili ya afya, na hakuna aliyeuvua mpaka amwone korongo wa kwanza akirudi.

"Umelifunga bomba martenitsa?"

"Kila Machi. Bomba halitaki afya? Uzi hauonekani kwenye eksirei, kwa hiyo naweka na shanga ya madini ya risasi. Filamu ziko mia mbili, nafunga moja tu. Mwaka huu ilikuwa zamu ya kumi na saba." Alimrudishia filamu. "Oktoba korongo wote wako Afrika huko. Nani anafunga martenitsa Oktoba? Hata kichaa hafungi."

"Mzee, mkaguzi atasema ni maneno yako tu."

"Mkaguzi ni Zlatka Ilkova?"

"Ndiyo."

"Basi nenda chooni kwangu."

"Nini?"

"Nenda, nakwambia. Ukutani."

Ilikuwa barua, imebandikwa kwa gundi mkabala na kiti. Ralitsa aliisoma mara mbili. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi anapumua vizuri. Aliibandua taratibu kwa kisu.

Aliporudi uani, Nayden alikuwa ameacha pilipili. Sauti yake ilishuka.

"Gergana wangu yuko zamu leo. Presha ikipanda, yeye ndiye anayepita kando ya bomba na tochi kutafuta tone. Mshono ule unakuwa hapa, usawa wa uso wake." Alionyesha kwa kiganja. "Nimemwomba asiingie. Kasema, baba, mkaguzi akisaini naingia, asiposaini siingii. Nimemlea vibaya. Anafuata sheria."

"Hataingia."

"Usiniahidi. Kimbia."

* * *

Getini aliacha bastola, akapitishwa. Ngazi mbili mbili. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini na nane.

Chumba cha mikutano kilinuka kahawa. Kessel alikuwa ameketi amekunja nne, suti ya kijivu, tabasamu la muuza majeneza. Mbele yake Zlatka Ilkova, mkaguzi wa serikali, miwani kwenye ncha ya pua, kalamu mkononi. Mwanamke aliyewahi kusimamisha kazi siku nzima kwa sababu ya koma.

"Weka kalamu chini, mama," alisema Ralitsa, akionyesha kitambulisho.

"Dada, huu ni mkutano," alisema Zlatka.

"Umeziona filamu za mshono wa kumi na saba?"

"Nimeona jedwali la matokeo. Limekamilika."

"Sijauliza jedwali." Hasira ilipanda, akaiacha ipande. "Nimeuliza filamu. Kazi yako ni kutazama. Ungekuwa unasoma majedwali tu ungekaa nyumbani, wakutumie kwa posta."

Zlatka alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Lakini kalamu aliiweka chini. Ralitsa alitandaza filamu mezani juu ya karatasi nyeupe, na kando yake barua iliyokuwa na harufu ya choo.

Zlatka aliitambua sahihi yake mwenyewe. Alisoma kwa sauti, polepole.

"Tarehe kumi na tisa Machi. Onyo kwa N. Tsolov. Filamu ya mshono wa kumi na saba ina kitu kigeni, shanga, sentimita mbili kushoto ya alama ya sifuri. Ni marufuku kufunga martenitsa kwenye mabomba." Akachukua rula. Bila shaka alikuwa na rula. Akapima. "Sentimita mbili. Na filamu hii inasema Oktoba."

"Vumbi," alisema Kessel. "Kasoro ndogo ya filamu."

"Bwana Kessel, umeishi kwetu miaka mingapi?" aliuliza Zlatka.

"Minne."

"Na Machi huwa unavaa nini mkononi?"

Kessel hakuelewa. "Wafanyakazi hunipa vile vijiuzi. Natupa. Sivai makorokoro."

"Ndiyo maana hukuiona shanga," alisema Zlatka.

Kessel aliruka. Alikuwa mwepesi kuliko suti yake, akaikwapua filamu, hatua mbili mlangoni. Ralitsa alimnyooshea mguu tu. Kessel alipokuwa sakafuni, Ralitsa alimshika kifundo cha mkono akakizungusha upande ambao hakikuumbiwa. Kilialika. Filamu ilirudi mezani haina hata mkunjo.

"Hutasaini," alisema Ralitsa.

"Sisaini." Zlatka alikuwa ameshika simu ya mezani. "Chumba cha uendeshaji? Ilkova hapa. Msianze."

Sauti ya opereta ilijibu.

"Mama, tumeshaanza. Tuko nusu ya presha. Bwana Kessel alipiga dakika kumi zilizopita, kasema mmesaini mapema."

Ralitsa alimtazama mtu aliyekuwa sakafuni. Valkov alikuwa amesema asiue. Aliyarudia maneno hayo mara mbili kichwani, kwa sababu mara moja haikutosha.

"Shusheni," alisema Zlatka.

"Kwa amri ya nani? Mkurugenzi ata..."

"Kwa amri ya kalamu ambayo haijaandika kitu. Shusha. Gergana Tsolova yuko wapi?"

"Ndani. Ameingia."

"Mtoe."

Ralitsa aliichukua redio ya mlinzi mlangoni. Ilikwaruza. Kisha sauti ya msichana, tulivu, ya mtu anayefuata sheria.

"Uendeshaji, Gergana hapa. Niko mshono wa kumi na saba. Naona unyevu. Narudia, unyevu, na kuna tone. Lingine. Linaruka sasa."

"Gergana, hii si uendeshaji," alisema Ralitsa. "Usigeuke kuangalia tena. Tembea kuelekea mlangoni."

"Wewe nani?"

"Baba yako kanituma. Tembea."

Hatua juu ya chuma. Filimbi nyembamba ya mvuke, ikikua. Hatua zikawa mbio. Kishindo cha mlango mzito. Redio ikakwaruza tena.

"Niko nje," ilisema redio. Sauti haikuwa tulivu tena.

Presha ilishuka taratibu, na filimbi ikashuka nayo. Zlatka Ilkova alivua miwani. Akaifuta, akaivaa tena.

"Ile shanga," alisema, "bado ni kosa kikanuni."

"Mwambie mwenyewe. Kesho unamrudisha kazini."

"Na mimi niandike nini kwenye ripoti?"

"Ulichokiona," alisema Ralitsa. "Umeona leo, sivyo?"

Aliichukua barua, akaikunja, akaiweka mfukoni. Alimwachia mlinzi Kessel, akashuka ngazi moja moja.

Getini alirudishiwa Makarov yake. Simu ililia.

"Mkate?"

"Umeiva, mkuu. Kessel ana mkono mmoja mzima."

"Nilisema usiue."

"Ndiyo maana anao."

Barabarani alipita shamba la alizeti. Polisi walikuwa wameshafika, na wale wawili walikuwa wanaisukuma Audi wakiwa wamefungwa pingu. Alipiga honi mara mbili, kwa adabu. Kisha akampigia Nayden.

"Yuko wapi?" aliuliza mzee. Hakuuliza kingine.

"Nje, getini. Anavuta sigara na kukutukana kwa kutuma watu kazini kwake."

Upande wa pili mzee alivuta kamasi. 

"Pilipili zimeungua zote," alisema Nayden.

"Pole, mzee. Nakuletea barua yako."