Paa Lililokataa Kuinuka

Shokapu za gesi za kuinulia paa zilikuwa mpya, bawaba zimepakwa grisi, na bado lilikataa. Gari lenyewe lilikuwa kibasi cha safari chenye kitanda na jiko ndani, paa lake la kuinuliwa ili watu wasimame. Fundi Jeki, aliyepewa jina hilo kwa mabega yake, alilisukuma kutoka ndani mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Likapanda shibiri moja, likarudi. Halikuanguka. Lilirudi polepole, kama bibi anayekaa mkekani.

"Labda una njaa," mkewe akamtania. Alikuwa mshonaji, amekuja kubadilisha turubai la kuzunguka paa.

"Njaa gani, na chakula cha mchana nimekula? Hebu panda ngazi uone kuna nini juu."

Akapanda. "Hamna kitu. Ila vumbi limefutika hapa katikati, duara hivi, kama mtu alikaa." Akaziba pua. "Na panatoa harufu ya nguo zilizovunda."

Fundi hakulipenda jibu hilo, lakini kazi ni kazi. Mke akaingia ndani amsaidie. Waliposukuma pamoja, sauti ya mwanamke mzee ikasikika juu yao, imechoka hoi.

"Nipokee, mwanangu."

Aliyelelewa vizuri haulizi mzigo ni wa nani. Mke alijibu kabla hajafikiri.

"Lete nikupokee, mama."

Paa likafyatuka lenyewe mpaka juu. Fundi alicheka kwa furaha, hata akapiga makofi. Kisha akamwona mkewe ameporomoka sakafuni, kichwa kimezama mabegani, na gari limelalia upande wake.

"Mume wangu," alinong'ona, "nitue."

Alimshika makwapani akavuta, hakusogea, akaita wachomeleaji wa jirani, wakawa wanaume wanne, wakafunga mnyororo wa kunyanyulia injini, na kila walipovuta mke alilia kwamba huyo aliye juu yake anazidi kumkumbatia, huku springi chini ya gari zikikatika moja baada ya nyingine na ile harufu ya uvundo ikiwajaa kooni mpaka mmoja wao akatapika na wengine wakarudi nyuma bila kuagana.

Mganga aliitwa, mwanamke mfupi mwenye miwani. Alinusa mlangoni, hakuingia.

"Huyu jini hafukuzwi," alisema kwa sauti ya chini. "Hupokewa tu. Mwingine aseme kama mkeo alivyosema, na aseme kwa moyo, mzigo utamhamia. Fanya upesi, fundi. Mbavu zake hazifiki magharibi."

Fundi akapiga magoti. Alimpenda mkewe, mtu asije akasema vinginevyo. Maneno yalikuwa matatu tu, na alikwisha kufungua kinywa, lakini ndani ya gari kitu kikalia *ka*, kama kijiti kikavu, na mke akaguna, na fundi akaufikiria mgongo wake mwenyewe, akaona haya kwa kuufikiria, akaufikiria tena, na ulimi ukabaki pale ulipo, mzito, mkavu, huku mganga akimtazama na jua likishuka ukutani.

Mke aliinua macho kwa tabu.

"Basi, mume wangu," alisema taratibu. "Nimekusikia."