Mchumba Asiyekula Chumvi

Paka wa bandari yetu hawana haya. Chombo chochote kikifunga kamba gatini, hata cha tajiri wa Istanbul, wao ndio wa kwanza kupanda. Lakini ile mashua nyeupe ilipoingia mwezi wa Februari, wakati ambao rasi nzima ya Bozburun haina mgeni, walikaa mbali wakaitazama, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Nazmiye aliyaona hayo kutoka dirisha la nyumba yake ya wageni, na hayakumpendeza.

Mwenye mashua, kijana mtanashati aitwaye Taner, alichukua chumba cha juu. Alisema amekuja kupumzika, kwa kuwa bandari ni ndogo na ina utulivu. Sabri, mume wa Nazmiye, fundi wa kuunda mashua, alimpenda kabla hata hajaketi, maana kijana alijua mbao. Ukimsifia Sabri kazi yake, umemmaliza. Atakuvulia hata shati.

"Mbona mgeni wako hali?" Nazmiye aliuliza akiondoa vyombo. Zeituni, jibini na samaki, vyote vimerudi. Kijana kala lozi na asali tu.

"Daktari kamkataza chumvi."

"Kijana mbichi vile? Presha kaitoa wapi?"

"Wewe mwanamke ungefaa upolisi," Sabri akacheka.

Nazmiye hakucheka. Asubuhi hiyo alikuwa amepanda kutandika kitanda, akakuta shuka hazina hata mkunjo, na chumba kinanuka kisima kilichofunikwa miaka mingi. Jioni akamsuka nywele Gulizar, bintiye wa pekee, akaisikia harufu ileile kichwani mwa mtoto.

Gulizar naye alikuwa amebadilika. Msichana aliyetaniana na wavuvi wote sasa alikaa dirishani kimya, macho kwenye mashua. Siku moja akiwa jikoni aliitika ghafla, "Naam?"

"Nani kakuita?" mama akauliza.

"Taner."

Nazmiye akachungulia. Taner alikuwa mwisho kabisa wa gati, kawapa mgongo, mbali ambako hata ukipiga ukelele haufiki.

"Baba Gulizar," alimnong'oneza mumewe karakanani, "huyu si mwenzetu. Huyu ni katika wale wasiotajwa jina, wasiogusa chumvi, saa yao iwe njema."

"Nyamaza. Kesho anakuja kuposa, na mimi nitamjibu vizuri."

Kwetu baba akishatamka "nimekupa," neno halirudi, na binti ni wa watu.

Taner alikuja na mjomba. Hakuna aliyemwona mjomba huyo akifika kwa barabara wala kwa bahari. Alikuwa na mikono ya Taner, mpaka kovu lilelile la kidole gumba, na wote wawili walikaa kwa pamoja, wakapumua kwa pamoja.

"Tumekuja kumuomba binti yenu," mjomba akasema.

Sabri akangoja. Posa yetu haianzi hivyo. "Sema kama inavyosemwa, bwana. Kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume."

Mjomba akakohoa. "Tumekuja kumuomba binti yenu," akarudia, kwa sauti ileile, kikohozi kilekile mwishoni.

"Kahawa kwanza," Nazmiye akadakia, akakimbilia jikoni.

Siku ya posa binti humtilia mchumba chumvi katika kahawa, naye huinywa bila kukunja uso. Ni utani wa siku zote.

"Mama, usiweke, hapendi," Gulizar akanong'ona, midomo imemkauka.

Nazmiye alitia konzi nzima ya chumvi, akakibeba kikombe mwenyewe.

"Kunywa, mkwe," Sabri akasema, akijaribu kucheka. "Mimi nililia siku yangu, na bado nikaoa."

Taner akainua kikombe taratibu, na kadiri kilivyokaribia mdomo ndivyo ile harufu ya kisima ilivyozidi kujaa sebuleni, ikaingia kwenye mapazia na kwenye koo za watu, na maji yakasikika yakidondoka mahali ambapo hapakuwa na maji, na mjomba, ambaye hakushika chochote, naye akainua mkono mtupu hadi mdomoni, na mikono yote miwili ikaanza kutetemeka pamoja mpaka kahawa ikamwagika na kikombe kikarudi mezani hakijaguswa.

"Basi sijakupa," Sabri akasema. Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Binti yangu sijakupa."

Wakasimama kwa adabu, wakaomba ruhusa. Kule jikoni Gulizar aliangua kilio. "Mama, nina baridi," akasema, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya zamani. Nazmiye akamshukuru Mungu.

Akawasindikiza hadi mlangoni ili ahakikishe wametoka. Alikuwa ameagana na wageni mlangoni hapo maisha yake yote, na kila anayeondoka humwagiwa maji nyuma yake, ili aende salama na arejee. Jagi lilikuwa mahali pake. Mkono ukalichukua wenyewe, maji yakatandaa kwenye mawe nyuma ya visigino vyao, na ulimi ukafuata.

"Nendeni kama maji, mrudi kama maji."

Wote wawili wakageuka.

"Ahsante, mama," Taner akasema. "Tulidhani umetufukuza."