Ukimya wa Jikoni

Saa tisa na robo alasiri, Jumapili. Nokia ilitetemeka mfukoni.

Sikio Moja aliipeleka kwenye sikio la kulia. La kushoto lilikufa miaka tisa iliyopita kwa baruti, na Idara ya Ujasusi ikamtunuku jina badala ya nishani.

"Nguo zimekauka?" Sauti ya Mkuu.

"Zimekauka. Hazijaanuliwa."

"Anua. Studio ya redio, ghorofa ya sita. Ule mchezo wa watu wa anga za mbali unamalizika leo. Unarushwa moja kwa moja. Nchi nzima itasikiliza."

"Na mlio?"

"Umo ndani ya mchezo. Hatujui umefichwaje. Adui zetu waliujaribu kambini kwao, kwa askari wao arobaini. Hadi leo hakuna anayesikia hata mlango ukigongwa."

"Pamba masikioni?"

"Haisaidii. Unapita kwenye mifupa. Saa kumi na dakika kumi nchi nzima itakuwa viziwi, na usiku vifaru vitavuka mpaka bila mtu kuvisikia." Mkuu alikohoa. "Ukishindwa kuuzima, toka. Wewe huna sikio la akiba."

Simu ikakatika.

Sikio Moja alitazama saa yake ya Casio. Saa kumi na moja binti yake angepiga. Alikuwa ng'ambo, mwaka wa saba sasa, na kila Jumapili saa kumi na moja alipiga. "Baba, umekula?" Naye hujibu, "Nimekula, mwanangu. Huku salama tu, usijisumbue." Husema hivyo akiwa amesimama jikoni, sufuria mkononi, kwa sababu mtu mmoja haandai meza. Wiki nzima aliishi kwa ajili ya simu ile. Hakuwa na kingine, na alijua hivyo.

Akapanda ngazi.

Aliingia studio akiwa na ovaroli na karatasi ya ukaguzi wa mitungi ya kuzimia moto. Hakuna anayemuuliza maswali mkaguzi wa mitungi; wote huomba tu amalize aondoke. Chini ya ovaroli, bastola yake, Beretta.

Studio ilikuwa na vyumba viwili na kioo kinene katikati. Upande mmoja waigizaji watano, karatasi mikononi, wakisafiri angani bila kuinua mguu. Upande wa pili mitambo, na mbele ya mitambo bibi mmoja mwembamba aliyezungukwa na takataka: viatu vikuukuu, trei ya kokoto, mlango mdogo usio na nyumba. Wenzake walimwita Mama Vishindo. Hatua zote, mvua zote na milango yote ya redio ile ilitoka mikononi mwake.

"Mitungi iko kule," alinong'ona. "Na kiatu chako kinalia. Kivue au simama."

Akasimama.

"Fundi wenu yuko wapi?"

"Ameenda kunywa chai. Huyu mpya, wa wiki tatu hizi. Kijana mpole, ila ana haraka ya ajabu."

Juu ya mitambo palikuwa na kisanduku cha chuma, cheusi. Kilikuwa na taa nyekundu na swichi moja: HEWANI, CHUMBANI.

"Hiki je?"

"Ukimya wetu huo," alisema Mama Vishindo. "Mwishoni sayari inameza sauti zote, dakika nzima. Sasa hawa wangu hawawezi kunyamaza dakika nzima, lazima mmoja apige chafya. Kwa hiyo tunarekodi ukimya wa chumba chenyewe mapema, tunaupachika pale. Kila chumba kina wake, mwanangu. Leo fundi kasema nisihangaike, ameurekodi yeye."

Saa kumi na dakika nane.

Sikio Moja alisukuma swichi CHUMBANI, akaishikilia kwa kidole, maana ilikuwa na springi. Ukiiachia inarudi HEWANI yenyewe. Akasikiliza sekunde tano.

Friji. Friji la zamani, linalonguruma likitulia, na bomba lisilofungika vizuri likidondosha tone moja moja.

"Mna friji humu?"

"Friji la nini?"

Aliujua ukimya ule. Angeutambua popote, kwani alilala nao na kuamka nao. Ulikuwa ukimya wa jikoni kwa mtu anayeishi peke yake. Fundi aliupika mlio nyumbani kwake, akaufunika kwa ukimya wa jikoni, na wala hakulisikia friji lake. Mpweke husahau kuwa friji linanguruma. Ila mpweke mwenzake hulisikia.

"Mama, kaa mbali na—"

Mlango ulifunguka. Fundi, bastola mkononi.

Sikio Moja aliinama. Risasi ikapasua saa ya ukutani. Beretta ikajibu, bastola ya fundi ikaruka. Wakakamatana. Fundi alikuwa na nusu ya umri wake na shingo ya fahali. Alimbana ukutani, akacheka.

"Hata ukikata waya, kinajirusha chenyewe! Kina antena ndani! Umechelewa, mzee!"

Paf!

Fundi akaanguka kama gunia. Nyuma yake Mama Vishindo alikuwa ameshika kiatu cha mbao, kile cha askari wa sayari ya tatu.

Sikio Moja alikipiga kisanduku risasi mbili. Zilidunda. Taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima.

Sekunde ishirini.

"Mburute nje, mama. Funga mlango."

"Na wewe?"

"Lazima mtu aishikilie swichi, mlio uishie humu chumbani."

Bibi alimtazama, akaelewa. Hakubishana. Alimkokota fundi miguu, kichwa kikigonga kila kizingiti.

Sikio Moja akasukuma swichi CHUMBANI.

Friji. Tone. Friji. Aliogopa, tusimpambe. Alitaka kuisikia sauti ya binti yake mara moja tu, dakika hamsini tu zilibaki, na badala yake alipewa bomba la mtu mwingine. Hakuondoa kidole.

Kisha mlio ukaja.

Ulipokwisha, taa ilikuwa imezimika. Nyuma ya kioo midomo ya waigizaji ilicheza. Mama Vishindo alikuwa amehamia kwao na trei yake, akiwatembeza wasafiri kurudi nyumbani juu ya kokoto. Nchi nzima ilisikia. Yeye aliona.

Alivua ovaroli, akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi. Barabarani lori lilimpita karibu, bila sauti yoyote. Alimwandikia Mkuu maneno manne: "Kazi imekwisha. Usinipigie tena." Akaendelea kutembea, mikono mfukoni, taratibu, hadi kituo cha basi.

Saa kumi na moja kamili Nokia ilitetemeka.

Akaipokea. Aliiweka sikioni kwa mazoea, na hapakuwa na kitu.

"Si salama, mwanangu!" alisema. "Baba yako hasikii, na yuko peke yake! Njoo nyumbani!"

Kituo kizima kiligeuka kumtazama, ndipo akajua anapiga kelele. Miaka thelathini ya kazi ya siri.

Akarudia, vilevile kwa nguvu, kisha akaikata simu, akatazama pande zote mbili, akavuka barabara.