Uso wa Mwana wa Osob

Picha ilikataa kung'aa. Warfa aliongeza mwangaza kwenye kompyuta hadi shati la kijana likawa jeupe pepe na ukuta wa nyuma ukapotea, lakini uso ukabaki mweusi tii. Halafu studio ikaanza kunuka tope bichi, na Waberi nzima haikuwa imeona tone la mvua kwa miezi saba.

Mwenye akili angeiacha hapo. Ila Warfa, tangu alete kompyuta na skana mwaka huo wa tisini na tisa, sifa zilikuwa zimempanda kichwani. Tena mwenye picha, mama mmoja aitwaye Osob, alikuwa amekaa pale kwenye benchi akilia bila sauti. Alitoka Buna juu ya lori la ng'ombe. Mwanawe alichukuliwa na mafuriko ya El Nino, mwili haukupatikana, na picha pekee iliyobaki alipigwa jua likiwa nyuma yake.

"Nimeanza kumsahau sura, mwanangu," alimwambia Warfa. "Nitolee uso wake tu."

Warfa akauzungushia uso mstari kwa kipanya, akaongeza mwangaza humo peke yake. Likatokea jicho.

"Aabo, mbona umefunga dirisha?" binti yake Nimo, wa miaka sita, aliuliza nyuma ya pazia.

Dirisha lilikuwa wazi, saa saba mchana! Warfa akaongeza tena, ikaja pua, ukaja mdomo. Alipomkabidhi Osob karatasi, mama akaibusu, na nyuma ya pazia Nimo akajigonga ukutani.

Daktari alisema macho ya mtoto ni mazima. Siku ya tatu Maalim Nunow akamsomea Kurani, kisha akanong'ona, "Yule si mwana wa Osob. Ni jini la mtoni, limevaa kivuli chake. Halina nuru yake lenyewe, Warfa, kwa hiyo nuru uliyoliongezea limeichota kwa mtoto wako. Futa picha ya kwenye mashine. Zile za karatasi achome mwenyewe, na achome kwa hiari."

Osob alikuwa bado mjini akingoja lori. Akaitwa studio, na mbele ya Maalim Warfa akampigia magoti, akamweleza yote aliyoambiwa, akamwambia ameshafuta yake na bado mtoto haoni, kwamba usiku kucha Nimo anauliza asubuhi itafika lini, kwamba akitaka studio aichukue, akitaka kompyuta aichukue, ila wallahi, Eeddo, shangazi, amrudishie Nimo macho yake.

"Nimekaa naye siku tatu tu," Osob alisema.

Akamtazama Nimo akipapasa kiti. Akatoa picha zote mbili kifuani, mpya na ile ya zamani, akawasha kiberiti.

"Wangu alikwenda. Wako yupo."

Karatasi zikajikunja. Nimo akapepesa macho.

"Aabo! Nakuona!"

Warfa alilia kwa sauti, mwanamume mzima. Lakini mtoto akamng'ang'ania shingoni, akamnong'oneza, "Aabo, yule aliyelowa, nyuma ya ayeeyo, bibi Osob. Mbona hana uso?"

Maalim akarudi nyuma hatua mbili, bismillahi zikimtoka mfululizo.

"Eeddo," Warfa alisema polepole, "njoo huku kwetu. Usigeuke."

Osob hakuja.

"Amesimama upande gani?" aliuliza, na kabla hajajibiwa akapeleka mkono nyuma. Vidole vyake vikafumbata kitu wasichokiona, na maji yakaanza kumchuruzika kiwikoni.